Ugonjwa wa Wageni

Riyadh,
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Kwako Dancan, ndugu yangu,

Nakusalimu kutoka chumba changu cha juu, karibu na matangi ya maji, ambako kiyoyozi kimeanza kupata nafasi ya kupumzika kwa sababu joto limepungua. Mimi mzima. Goti la kushoto bado lina kelele, lakini linanibeba. Mama alipiga simu Jumapili. Anasema huko nyumbani Timau mvua imezidi hadi viazi vinaozea shambani, na kwamba Joy wangu amekuwa wa nne darasani kwenye hesabu. Nilicheka peke yangu. Baba yake alikuwa akihesabu mizigo kwa vidole, akifika kumi anaanza kutafuta vidole vya jirani.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko mfukoni. Lakini wewe na simu nawajua. Nikikuuliza jambo zito unasema mtandao unakatika, halafu unakatika kweli. Griffins amekubali kuibeba hii kwenye lori lake akipata mzigo wa kuja huko Jeddah, na atakuachia kwa yule mwenye duka la simu pale Sharafiya. Nijibu kwa njia hiyo hiyo, hata ikichukua mwezi. Nina subira.

Sasa jambo lenyewe. Madam anaenda mlimani, na anataka kwenda nami.

Madam Nawal, huyu ninayemfanyia kazi, unamjua kwa maneno yangu tu. Ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, ana miaka sitini na mitatu, mjane kama mimi. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa ni madaktari, wakimwona sokoni wanamsimamisha na kumwita Abla, yaani mwalimu, na yeye anawauliza kama bado wanaandika vibaya. Kwa miaka thelathini na moja alichora ubaoni mnyama ambaye hajawahi kumwona, chui wa theluji. Ana mkia mrefu karibu sawa na mwili, na akilala hujifunika nao puani. Juzi aliniambia, "Metrine, nimechoka kufundisha kwa kusikia." Nikamwambia, "Lakini umestaafu, Madam." Akasema, "Ndiyo maana nina nafasi."

Mahali penyewe ni bonde kaskazini ya India, nyuma ya milima. Wakati wa baridi kunabaki barabara moja, na theluji ikiifunga watu hukaa mpaka ifunguliwe. Tutalala nyumbani kwa wenyeji, ambao huwasha jiko katikati ya chumba na kuchoma samadi kavu. Maji ya bomba huganda Novemba na kurudi Aprili. Tunaenda mwisho wa Januari kwa sababu baridi kali ndiyo inayowateremsha mbuzi wa mwitu, na chui huja nyuma yao.

Kijiji kiko mita elfu nne na mia mbili. Madam aliposoma hiyo namba nilikaa chini. Ndicho kimo cha kambi ya Shipton, pale mume wangu Stephen alipougua mara ya mwisho. Wewe ulikuwa naye. Mimi, miaka kumi na moja ya ndoa, nilimwekea maji moto kwenye beseni kila akirudi kutoka Mlima Kenya, lakini sikuwahi kupita geti la Sirimon, la kuingilia mlimani.

Mwanawe Madam alisema, "Mama, mchukue Metrine. Huyo ni mtu wa mlima, hawezi kuugua." Nikasema ndiyo, sisi wa kule hatuugui. Nilisema kwa kiburi kidogo, Mungu anisamehe.

Wewe ulibeba mizigo ya wageni miaka saba. Niambie tujiandae vipi. Na la pili, kama unaweza: niambie siku ya mwisho ya Stephen ilikuwaje. Mlisema moyo ulisimama. Sikuuliza zaidi kwa sababu nyumba ilijaa watu na kulikuwa na chai ya kupika. Sasa nauliza.

Dada yako,
Metrine

&nbsp;

Jeddah,
9 Novemba 2024

Dada Metrine,

Pokea salamu za mtu anayetokwa jasho Novemba. Mwenye duka aliponipa bahasha nilidhani ni mambo ya mahakama, nikakaa nayo siku nzima nikijiuliza nimemgonga nani. Mimi nipo salama. Kafili wangu, huyu tajiri ninayemwendeshea gari, ameongeza mtoto wa sita, kwa hiyo gari limejaa na mimi ndiye ninayejua nani anatapika kwenye kona. Bado nakaa Ruwais na wale wenzangu wawili. Tunapika ugali Ijumaa, na majirani Wafilipino wamezoea harufu ya omena.

Nimemheshimu huyo madam wako. Nimeona wageni wa miaka ishirini na tano wakilia pale Old Moses, kambi ya kwanza tu, kwa sababu ya malengelenge. Na huyu bibi wa sitini na tatu anaenda kutafuta mnyama kwenye barafu. Sikiliza basi, umwambie hivi.

Nguo nyembamba tatu zinashinda koti moja nene. Asivae pamba mwilini, pamba hunywa jasho na jasho likipoa linakuwa adui. Soksi mbili zinazobana ni mbaya kuliko moja iliyo huru, damu inakosa njia. Betri za kamera zilale naye ndani ya begi la kulalia, zikilala nje asubuhi zimekufa. Maji ya moto atie kwenye chupa ngumu, chupa aivishe soksi, aiweke miguuni. Asubuhi atayanywa hayo hayo. Anywe kabla ya kiu. Na msipande kwa siku moja. Mlale chini, mlale katikati, ndipo mlale juu, na kila mahali usiku mbili.

Kila jioni kiongozi wa msafara humuuliza mgeni mambo matatu: kichwa, chakula, choo. Kichwa kinauma? Umekula? Umekojoa? Mgeni hudanganya. Ametoka mbali, hataki kurudishwa. Kwa hiyo usisikilize mdomo wake, mwangalie mikono akifunga kamba za viatu. Na umwambie atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole. Akiyumba kama mlevi, shukeni saa hiyo hiyo. Hakuna dawa inayoshinda kushuka.

Ile habari nyingine tutaongea siku moja.

Lakini ukiniuliza mimi, ningesema madam achukue mtu mwingine. Wewe una goti.

Mdogo wako,
Dancan

&nbsp;

Riyadh,
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Ndugu yangu Dancan,

Asubuhi ya leo kulikuwa na ukungu hapa, kitu cha ajabu, na mwarubaini wa nje ulikuwa unadondosha maji kama umeogeshwa. Nilisimama nikauangalia mpaka Madam akauliza kama nimepotea. Joy amekohoa wiki moja lakini amepona. Mama anakusalimia na anauliza kama umeacha sigara. Nimemwambia umeacha. Usinifanye mwongo.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Madam kwa Kiarabu changu cha jikoni. Aliandika kila neno. Tulipofika kwenye mikono na kamba za viatu alivua miwani, akasema, "Kaka yako ni mwalimu mzuri." Nilijivuna kama ni mimi niliyekuzaa.

Acha nikueleze anavyojiandaa, maana sijaona mtu wa hivi. Kila alfajiri baada ya kuswali anavaa mfuko wa mgongoni wenye mchele kilo tano na kupanda ngazi za nyumba kuanzia chini hadi kwenye matangi, mara ishirini. Alianza na mara nne. Mimi nasikia hatua zake zikipita mlangoni kwangu, polepole, na pumzi yake, na hesabu anayohesabu. Akikosea hesabu anaanza upya. Nimemwambia Mungu hatajua. Akasema, "Magoti yatajua."

Jumanne alinichukua kwenda kwa mfanyabiashara wa tende, mume wa rafiki yake, mwenye vyumba vikubwa vya barafu vya kuhifadhia tende. Kisa, anataka kujaribu nguo. Mwenye stoo, Myemeni mmoja mwenye utani, alifungua mlango akasema ndani ni kumi na nane chini ya sifuri. Nje watu walikuwa na mashati ya mikono mifupi. Tukaingia na makoti, kofia, glavu, kila kitu, tukakaa juu ya kreti za tende kama abiria. Madam akatoa kamera akaanza kubonyeza akiwa na glavu, bila glavu, na glavu nyembamba ndani ya nene. Kila dakika tano aliandika kwenye daftari mpaka kalamu ikaganda. Akatoa penseli. Alikuwa amekuja na penseli, Dancan.

Baada ya nusu saa Myemeni akafungua mlango akapiga kelele, "Yalla, halas, tokeni basi, mtanigandia humu na polisi wataniuliza mimi!" Madam akamjibu, "Bado dakika kumi. Funga, unapoteza baridi." Alifunga. Hakuna anayemshinda yule mama.

Tulipotoka alinipa tende kutoka kreti niliyokuwa nimekalia. Ilikuwa ngumu kama jiwe, ikayeyuka taratibu mdomoni. Nilimkumbuka Stephen. Wakati mmoja alijaza theluji kwenye chupa ya chai huko juu ili Joy aione. Ilipofika Timau ilikuwa maji. Alisikitika sana, lakini Joy aliyanywa yote akasema yana ladha ya mbali. Alikuwa na miaka mitano.

Sasa nikuulize. Umeniandikia kurasa mbili za Madam. Zangu ziko wapi? Nami nitalala kimo hicho hicho. Na goti halikuanza jana. Hilo goti lilifua nguo zako ukiwa shule. Na swali langu la pili umelipita kama gari lisilo na breki.

Nijibu.

Dada yako,
Metrine

&nbsp;

Jeddah,
18 Desemba 2024

Dada,

Barua yako ilichelewa kunifikia. Sote wazima. Sigara nimepunguza.

Usiende. Sina maneno mengi leo. Nakuomba kama ndugu yako wa pekee, mwambie madam mafi, hapana, Joy anakuhitaji. Ukiona huwezi kumwambia, nipe namba yake nimpigie mimi.

Nakutakia Krismasi njema.

Dancan

&nbsp;

Riyadh,
Ijumaa, 27 Desemba 2024

Mpendwa Dancan,

Krismasi yangu ilikuwa tulivu. Madam aliniuliza kwetu tunakula nini siku hiyo, nikasema chapati na kuku. Akaniacha jikoni nikapika, akala chapati tatu na kusema sikuwahi kumwonyesha kwamba najua. Baadaye nilikaa na simu, Mama na Joy wakaniimbia kutoka Timau. Joy ameshika sauti ya pili vizuri. Nimekuwekea chapati mbili akilini, kwa sababu kwenye lori zingefika kama viatu.

Griffins ameniambia barua yangu ya Novemba ilifika Sharafiya siku ya tatu, na kwamba mwenye duka alikuona ukiichukua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo haikuchelewa. Ulikaa nayo. Sikukasirika. Ninakwambia tu kwamba najua.

Nitaenda. Viza ya kutoka na kurudi imeshapigwa kwenye ikama, kibali changu cha kukaa huku, na ya India imetoka juzi. Usidhani nimelazimishwa. Nilipopata barua yako fupi nilimwendea Madam nikamwambia kaka yangu ana hofu. Aliweka kitabu chini. Akasema, "Metrine, ukikataa, utabaki hapa na mshahara wako na kazi yako, na mimi nitakuletea picha. Fikiri siku tatu." Hakunisukuma hata kwa macho. Ni siku ya pili nilipomwambia ndiyo, na alifurahi hadi akasahau miwani kichwani akaitafuta nyumba nzima.

Ninakwenda kwa ajili yangu pia. Nilimzika Stephen nikiwa sijui alifia kwenye hewa ya namna gani. Watu walisema, hewa ni nyembamba kule. Nyembamba kama nini? Nataka kuivuta siku moja nijue. Ni jambo dogo, najua, lakini mtu aliyefiwa huwa na mambo madogo.

Tunaondoka tarehe ishirini na tano Januari. Kama una sababu ya kunizuia, iandike. Kama huna, niombee, na tuyaache.

Dada yako akupendaye,
Metrine

&nbsp;

Jeddah,
11 Januari 2025

Dada yangu,

Mvua ilinyesha hapa wiki hii, barabara zikawa mito, nikakaa na watoto wa kafili ndani ya gari masaa matatu tukisubiri maji yapungue. Nikawa na nafasi ya kufikiri. Nimeianza barua hii mara nyingi. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Stephen hakufa kwa moyo. Kila anayekufa moyo husimama, kwa hiyo niliwaambia neno la kweli na nikawadanganya nalo.

Unakumbuka alikuwa amekaa nyumbani miezi minne akijenga ile nyumba ya mwalimu. Hakuwa amepanda. Tulipopata safari ile tulipanda haraka, siku ya kwanza Old Moses, ya pili Shipton. Tulikuwa wapagazi wanne, mpishi, kiongozi, na wageni watatu. Tulifika saa tisa. Stephen alikaa juu ya jiwe na mzigo bado uko mgongoni, kama amesahau unavyotolewa. Kisha nikamwona anafunga kamba ya kiatu. Alijaribu mara nne. Nikamwambia, "Shem, umekunywa nini bila kunigawia?" Wapagazi wote wakacheka. Naye akacheka. Utani ulikuwa wangu, Dada.

Jioni kiongozi alipita kwenye hema za wageni. Kichwa, chakula, choo. Hakuingia kwetu jikoni. Hakuna anayeingia. Sisi tunauita ugonjwa wa wageni, tunaamini mtu aliyezaliwa chini ya mlima haumpati. Mpagazi akisema kichwa kinamuuma, wenzake watamwita mtalii mwezi mzima, na siku nyingine getini, watu wakichaguliwa, macho ya kiongozi yatampita. Nilikaa karibu na Stephen nikamuuliza polepole, "Ni kichwa?" Akasema, "Shem, usiseme. Kesho kutwa tunashuka." Sikusema.

Alfajiri wenzetu walipanda na wageni kileleni. Sisi wawili tulibaki na mpishi kuosha vyombo. Nilipomwamsha hakujua jina langu. Mpishi alinisaidia kumfunga mgongoni kwangu kwa kamba za mzigo, kisha akabaki kuwapikia wageni. Nikashuka naye. Hatujafika Old Moses alikuwa amenyamaza.

Sikupanda tena. Nilikuja huku mahali ambapo hakuna hata kilima. Na uliponiandikia kwamba sisi hatuugui, nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Unauliza kurasa zako ziko wapi. Hizi hapa. Huyo madam wako ataulizwa kila jioni. Wewe utakuwa jikoni, maana popote utakapokwenda utakaa jikoni, na hakuna atakayekuuliza. Umeishi chini jangwani miaka mitano, huna mlima tena mwilini. Kichwa kikiuma, sema. Wakicheka, sema tena. Usingoje mtu akuone.

Kama hutaniandikia baada ya hii nitaelewa.

Dancan

&nbsp;

Riyadh,
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwako Dancan,

Umengoja wiki sita bila neno langu, na najua umezihesabu. Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya safari. Niliisoma nimekaa juu ya sanduku. Sikuweza kukujibu wakati ule. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, na ndivyo nilivyosafiri.

Tumerudi salama. Hapa nyumbani Madam ameanza kununua vitu vya Ramadhani, jikoni kuna magunia. Joy ameota gego jipya na shavu limevimba, Mama anasema anaongea kama mzee. Goti ni zima kuliko lilivyoondoka.

Tulipanda kama ulivyosema, usiku mbili, usiku mbili. Ningependa ungemwona Madam. Kwenye mji wa katikati alitembea asubuhi kwenye barafu kwa fimbo mbili, na wanawake wa pale waliokuwa wakichota maji mtoni kwa kuvunja barafu na shoka walisimama kumtazama. Aliwaomba shoka. Alipiga mara tatu, akavunja. Walimshangilia.

Kijiji chenyewe ni nyumba thelathini za udongo mweupe, na kuni zimepangwa juu ya paa. Baridi yake, Dancan, ile ya stoo ya tende ilikuwa mchezo. Ukimwaga maji yanalia kabla ya kutulia. Na hewa niliijua sasa. Ni kama kunywa kwenye kikombe unachodhani kimejaa.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa huko, mashavu mekundu, mkali. Jioni ya kwanza alikaa mbele ya Madam akamuuliza: kichwa? umekula? umekojoa? Maswali yale yale. Nilikuwa nyuma ya jiko na mwenye nyumba, tunakanda unga. Akamaliza, akafunga daftari, akaenda zake. Nilitaka kucheka na kulia.

Siku iliyofuata niliamka kichwa kinagonga. Nikajiambia ni moshi. Mchana sikuweza kula, nikajiambia ni chakula kigeni. Madam alikuwa ameambiwa kwamba chui ameua mbuzi kwenye mwamba wa juu ya kijiji, na kwamba hukaa na mzoga siku mbili tatu. Alikuwa hashikiki kwa furaha. Jioni, baada ya kuulizwa yeye, alinigeukia akasema, "Na wewe, Metrine, kila kitu sawa?" Nikasema sawa, Madam.

Umesikia? Niliulizwa, na nikasema sawa.

Asubuhi ya tatu tulipanda hadi ukingo wa kijiji. Alifungua miguu ya kamera, akatazama. Wenyeji walinong'ona kwamba mkia unaonekana nyuma ya jiwe, angoje tu ainuke. Mimi nilimbebea chupa ya maji. Akaniomba nifungue kifuniko. Nilikishika nikazungusha, nikazungusha, hakifunguki. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vinazungusha hewa, kando ya kifuniko.

Nikasema, "Madam, kichwa kinaniuma."

Hakutoa jicho kwenye kamera mara moja. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu jana."

Ndipo akageuka. "Jana nilikuuliza."

"Ulikuwa na furaha, Madam."

Alinishika mkono akaniambia nitembee, kisigino mbele ya kidole, kama alivyoandika kutoka kwenye barua yako. Nilienda hatua mbili, ya tatu akanidaka. Akamwambia kiongozi aite gari. Nikamwambia, "Mimi nishuke na dereva. Wewe baki, yuko pale, atainuka sasa hivi." Alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya kamera. Akasema, "Yule ana mkia wa kujifunika. Wewe hapa una nani?"

Tukashuka wote. Kufikia alasiri tulikuwa kwenye ule mji wa katikati, na maumivu ya kichwa yalinitoka kama kofia. Usiku ule theluji ikafunga barabara nyuma yetu, na Madam hakurudi juu. Chui aliinuka saa moja baada ya sisi kuondoka. Kiongozi alituma picha. Madam aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Masikio yake nilikuwa nayachora makubwa mno." Kesho yake alikaa peke yake ndani ya gari, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni baridi. Sikubishana naye. Baadaye aliniuliza nilipata wapi ujasiri wa kusema. Nikamsomea barua yako yote. Aliuliza jina la Stephen lina maana gani, nikasema sijui. Akamwombea kwa Kiarabu.

Sasa wewe. Nilikaa siku nzima kimya, Dancan, na barua yako ikiwa kifuani, na mtu aliyeniuliza kwa upole. Stephen hakuwa na barua na hakuna aliyemuuliza ila wewe. Wewe ulimuuliza. Alikujibu kama nilivyojibu mimi. Ule utani wako ningeufanya hata mimi, na angecheka.

Tuliposhuka nilitazama njia kwa dirisha la gari. Lilikuwa na minyororo kwenye magurudumu, na mimi nilikuwa hai, nimefungwa blanketi mbili, na bado nilishika kiti kwa mikono yote kila penye kona. Nikafikiri juu ya mawe ya Shipton hadi Old Moses, wewe peke yako, na yeye mgongoni. Stephen alikuwa mkubwa kuliko wewe. Nilikuwa nikimshonea suruali, najua kipimo chake. Umeandika "nikashuka naye," maneno mawili, halafu ukaendelea na mambo mengine.

Miaka sita nimekaa na ndugu aliyembeba mume wangu mlima mzima, na sikuwahi kumpa asante kwa sababu hakuna aliyeniambia. Asante, Dancan. Hakuwa peke yake, na aliyekuwa naye ni wa kwetu.

Joy nitamwambia mimi, Jumapili, polepole. Akitaka kukusikia wewe, nitampa namba yako. Pokea.

Dada yako,
Metrine